Sahihi Yenye Mkia

Kwa miaka minane Agneta aliiba sahihi ya mumewe, na hakuona haya hata kidogo. Kliniki ya hospitali moja ya Kitale haikumdunga mwanamke sindano ya kupanga uzazi mpaka mume atie sahihi kwenye kadi, na Jotham, baada ya watoto sita, alikuwa bado akisema nyumba haijajaa. Basi kila miezi mitatu Agneta aliaga nyumbani Bumula kwamba anaenda Kitale kumwona dadake Dinah, kisha akaandika jina la Jotham kwa mkono wake, na mkia mrefu mwishoni, alioubuni mwenyewe.

Nesi Chemutai alimwambia tangu mwanzo: sindano inazuia mtoto, haizuii ugonjwa. Akampa na mipira. Agneta aliitupa chooni kwa Dinah. Sindano ikishaingia mwilini, nani ataiona? Lakini mpira sharti mwanamume auvae, na Jotham, mnunuzi wa ng'ombe aliyejua kila kitanda kutoka Chwele hadi Sirisia, angeuliza anashukiwa kwa lipi. Agneta alichagua kile alichoweza kukificha.

Mwaka wa tisini na tatu damu ikaanza kumtoka nje ya siku zake. Daktari hakuzunguka: kansa kwenye mlango wa kizazi, na chanzo chake ni kirusi kinachopatikana kitandani. Bado ilikuwa changa. Kizazi kikitolewa upesi, angepona. Agneta hakuwa amemjua mwanamume mwingine tangu azaliwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kikila ugali wake kila jioni na kudai mchuzi uongezwe. Siku hiyo alimchukia Jotham bila kutoa hata chozi.

Upasuaji nao ulitaka sahihi ya mume. Wiki tatu alimbembeleza, akamtumia na mzee wa kanisa, mpaka Jotham akakubali. Alifika Kitale amevaa koti, akatia sahihi kwa madaha kama mtu anayetoa ng'ombe wa mahari.

Karani wa hospitali, Gicheru, akalinganisha karatasi na kadi ya kliniki.

"Mzee, hii si sahihi yako. Yako iko na mkia."

"Kadi gani?" Jotham akaivuta, akazisoma tarehe moja moja. "Miaka nane. Ati mimi nilisaini hii?"

"Baba Wafula," Agneta akamwambia mumewe, "wacha kwanza nipone. Tutagombana baadaye."

"Hiyo sindano ndiyo imekuharibu. Sasa jisainie. Na usirudi kwangu."

Akairarua karatasi, akatoka.

Gicheru aliutazama mlango, kisha akamtazama Agneta. Akasukuma karatasi nyingine mezani pamoja na kalamu, akainama kutafuta kitu kwenye droo ya chini, akakawia huko.

Agneta aliandika jina la Jotham polepole, akaliwekea mkia.

Karani akainuka, akalinganisha. "Hii sasa ndiyo ya bwana yako," akasema, akagonga muhuri. "Kuja Jumatatu. Na ulete mtu wa kukurudisha nyumbani."

Agneta aliitikia. Mtu angempata, maana Dinah yupo. Nyumbani ndiko hakukuwapo tena.