Nimekula Kazini

Redio iliyotundikwa juu ya kioo cha kinyozi haikuwa ya muziki. Ilikuwa ya habari, na habari zikianza mashine ya kunyolea husimama hewani, mteja kanyolewa upande mmoja, mpaka kinyozi atoe maoni yake. Ndiyo maana wateja walimwita Waziri. Bei ya mafuta, bajeti, ugomvi wa nchi jirani, yote alikuwa na lake la kusema, na aliyembishia alikihatarisha kisogo chake.

Serikali ilipotangaza kuufuta mpango wa chakula cha mchana shuleni, Waziri aliitetea kutwa nzima. Alisema hazina imekauka, mtu hujikuna ajipatapo, na serikali nayo ni mtu. Mwenye mtoto ndiye amlishe. Mwalimu aliyekuwa kitini alijaribu kuuliza habari za wale wanaotoka nyumbani bila kutia kitu tumboni. Akajibiwa mpaka akajutia swali lake.

Jioni Waziri alirudi nyumbani akala. Mkewe alipakua kama alivyopakua siku zote: mume, kisha watoto, kisha akafunika sufuria iliyobaki na kitu kidogo cha asubuhi. Yeye hakukaa. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na tangu aanze kazi hiyo jibu lake lilikuwa moja: "Nimekula kazini." Watoto walimtania kuwa mama ana tumbo la serikali. Wala hakuna aliyeona uongo hapo, maana nani kaona mpishi akasonga sufuria la shule nzima, akarudi kwake na njaa?

Miezi kadhaa baadaye alikuwa mjamzito tena, na tumbo limeshaanza kuonekana. Kliniki ikamtaka aje na mume. Waziri alifunga banda lake huku akinung'unika, akaenda. Muuguzi alimpandisha mama kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Akamfunua kope akatazama kwa ndani. Uzito ulikuwa umeshuka badala ya kupanda, na damu ilikuwa pungufu. Alisema wazi kwamba wakiendelea hivi, mtoto atazaliwa njiti, na mama mwenyewe hatakuwa salama siku ya kujifungua. Akamuuliza anakula nini.

Mama alitazama sakafu. Waziri, ambaye hakuwahi kuliacha swali lipite bila jibu, akamjibia.

"Huyu hana shida ya chakula, sista. Ni mpishi. Anakula kazini."

"Kazini wapi, baba?"

"Shuleni."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Shule gani bado inapika?"

Waziri alijua tangazo lilitoka lini na nani alilisoma. Alijua mpaka hoja za waliolipinga. Alijua pia kwamba wapishi hawakufukuzwa bali walipewa mafagio, ndiyo maana mkewe bado alitoka kila asubuhi kwenda kazini. Mambo hayo yote yalikaa kichwani mwake kama wapangaji wa nyumba moja wasiopigiana hodi. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi, na bwana huyu kichwa chake mwenyewe alikuwa hajakigusa.

Njiani alimuuliza mkewe kwa nini hakusema.

Mkewe akamjibu akiendelea kutembea. "Ningesema nini? Mwalimu wetu alikuuliza, ukamjibu. Alikuja shuleni akanisimulia. Nikajua na mimi nimeshajibiwa."

Walipitia sokoni, wakanunua mayai na mboga za majani, naye Waziri akabeba kikapu mwenyewe. Wateja waliokuwa wakimsubiri nje ya banda walimwona akipita. Walimwita wamuulize kuhusu habari ya asubuhi, akawapungia mkono tu akaendelea na njia yake.

Jioni alipakua yeye. Alipakua vibaya, mchuzi ukamwagika mezani, ila sahani ya kwanza aliiweka mbele ya mkewe na kumvutia kiti. Mama watoto alikaa ukingoni mwa kiti hicho kama mgeni. Watoto waliona sahani ya baba ina nusu ya kawaida yake, wakamwangalia baba, kisha wakamwangalia mama. Binti mkubwa ndiye aliyeuliza.

"Mama leo hakula kazini?"

Mkewe alitia tonge la kwanza mdomoni.

"Siku nyingi hajala," Waziri alisema. "Redio ilisema. Baba ndiye hakusikia."