Vunjajungu Kwenye Gauni Jeupe

Kila asubuhi, saa moja na nusu, fundi saa wa ghorofa ya chini alikuwa akipanda ngazi kabla ya kufungua duka. Anabisha mara mbili, anavua viatu mlangoni, anakwenda moja kwa moja kwenye chupa ya kioo iliyo juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kijiti, na kwenye kijiti kifuko cha mayai ya vunjajungu, kama povu lililokauka. Anakichungulia kwa lenzi yake ya kazi, anasema, "Bado," anaaga.

Mshonaji aliyemfungulia mlango alilipenda neno hilo kupita kiasi. Bado maana yake kesho atarudi.

Yote yalianzia kwenye mawaridi yake ya roshani, yaliyovamiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani hadi yanajikunja. Fundi saa alimsikia akilalamika ngazini, na siku ya pili akamletea kijiti. "Wakianguliwa, waachie kwenye mawaridi. Watawamaliza hao vidukari. Wewe weka tu mahali penye joto."

Aliitikia kwa adabu zote. Ila mgeni akishateremka, aliisukuma chupa nyuma ya majora ya vitambaa, kwenye kona ya baridi, na saa moja na robo asubuhi akairudisha kabatini kama mtu mwema. Si kwamba aliwahurumia vidukari. Lakini wakiisha, fundi saa atapanda ngazi kufuata nini?

Asubuhi hiyo alipeleka mkono nyuma ya majora, akaambulia vumbi. Mlango ukabishwa mara mbili. Na kabla hajajua aende wapi, mama yake akapiga ukelele kutoka chumba cha kushonea.

"Jamani! Gauni linatembea!"

Chupa ilikuwa mezani, kando ya pasi. Vunjajungu wadogo wasiohesabika walikuwa wakijipenyeza kwenye kitambaa ambacho mshonaji aliifunikia chupa, wakapanda ukutani, wakalikwea gauni jeupe la mteja wa saa nane. Kila mmoja mwembamba kama kipande cha uzi, mikono ameikunja kifuani kama aliyekuja kuposa.

Fundi saa aliingia na kiatu kimoja mguuni.

"Nani kafunika kwa shela?"

"Mimi. Kilibaki kipande, nikaona kizuri."

"Kizuri ni kizuri, fundi, lakini kina matundu!" Alikuwa akicheka. Akachomoa mfukoni brashi laini ya kufutia vumbi ndani ya saa. "Tusiwaminye. Na tufanye haraka, wakiona njaa wanatafunana wenyewe kwa wenyewe."

"Kumbe kama ukoo wa baba yako," mama alimwambia bintiye. Alikuwa amepanda juu ya kiti, gauni lake kalishika magotini.

Wakafanya kazi. Fundi saa anafagia kwa brashi, mmoja mmoja, kutoka kwenye kola na mikunjo ya kiuno. Mshonaji anapokea kwenye karatasi ya kukatia mitindo na kukimbilia roshani. Mmoja alitua kwenye nyusi ya fundi saa. Mshonaji alimwondoa kwa ncha ya kidole, kisha akasahau alikuwa anakwenda wapi.

"Wametoka mapema," alisema, na sauti yake haikuficha masikitiko.

"Mapema wapi! Wamechelewa," mama alidakia. "Wewe unawaficha kwenye baridi, mimi ukienda kununua uzi nawasogeza kwenye pasi. Jana nilijisahau kuwarudisha. Nimechoka na bado, bado, kila siku!"

Brashi ikasimama hewani.

"Uliwaficha?" fundi saa aliuliza.

Mshonaji alitazama karatasi iliyokuwa mikononi mwake. Hakukuwa na mdudu hata mmoja juu yake.

"Kumbe hukuwataka," fundi saa alisema taratibu. "Ungeniambia tu. Mimi nimekuja hapa kila siku, nakuganda asubuhi na mapema, kumbe nakusumbua." Alimtoa wa mwisho kwenye mkono wa gauni, akamwachia kwenye waridi mwenyewe, akarudi kutafuta kiatu cha pili. "Basi kazi imekwisha. Watajitafutia. Sitakusumbua tena, fundi."

"Fundi na fundi," mama aliiambia dari, "nyumba imejaa mafundi na hakuna anayejenga."

Fundi saa alikuwa ameinama mlangoni, anafunga kamba. Akimaliza atateremka, na kesho saa moja na nusu itapita kama saa nyingine yoyote. Mshonaji alihisi masikio yanawaka. Akaiweka karatasi chini.

"Usiende," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaianza upya. "Niliwaficha ili wasitoke upesi. Wangetoka, usingekuja tena. Sikuwa nawangoja wao. Nilikuwa nakungoja wewe."