Tairi la Ishirini na Saba

Kaka yangu, anayejiita Injinia, aliingia chumbani na mfuko wa machungwa na pole nyingi mdomoni. Binti yangu alikuwa kitandani, kidevu kimeshonwa, mdomo haufunguki vizuri.

"Pole, mpwa wangu. Lakini mwendo ule! Baiskeli ya babu yako haitaki papara."

Damu ilinichemka. Tangu aanguke, ukoo mzima unaimba hivyo hivyo: mtoto ana kiherehere, alikuwa anajionyesha kwenye kona. Naye alishaanza kuamini. Asubuhi aliniambia niigawe baiskeli, hataki kuiona.

Ni baiskeli ya mashindano, ya marehemu baba yetu. Kabla ya ajali, gurudumu la mbele lilipopinda, Injinia alileta jingine la baiskeli ya kisasa, akalivalisha tairi lile lile la zamani. "Limeingia kama mguu kwenye ndala!" alijisifu.

Nikaenda uani, nikarudi na rimu, tairi, tyubu mpya na pampu. Nikavibwaga miguuni pake.

"Soma ubavuni mwa tairi."

"Ishirini na saba."

"Na rimu?"

"Mia saba. Dada, hizo namba tu. Ukiyasimamisha magurudumu, kimo kimoja."

"Kimo cha nje! Pale tairi linapokalia rimu, lako limeizidi rimu kwa milimita nane. Ndiyo maana liliingia bila hata kijiko cha kulibandulia. Linapwaya, na upepo ukizidi linachomoka kwenye rimu!"

"Punguza hasira, mgonjwa anasikia."

"Asikie! Haya, livalishe. Jaza upepo."

Akalivalisha kwa vidole vitupu, akaanza kupampu huku akitabasamu. Tairi likajaa.

"Umeona?"

"Endelea. Mpaka liwe gumu la mashindano."

Akaendelea, tabasamu likamwisha. Mara nikamwona kanyoosha mikono mbali, uso kaugeuzia ukutani, macho kayafumba.

"Mbona unaficha uso?"

Akaacha kupampu. "Kule kwangu lilifyatuka mara moja tu," akasema chini chini. "Nikalirudishia, nikapunguza upepo. Nilidhani litashika."

Alijua! Alijua, na bado amekuja na machungwa kumlaumu mtoto. Nilitaka kumrukia, lakini binti yangu alikuwa ameshaketi.

"Uso wako umeukumbuka, mjomba," alisema kwa taabu. "Wangu je?"

Binti yangu akanigeukia.

"Mama, baiskeli usiigawe."