Kiunzi Kilichoyeyuka Barafuni

Bingwa wetu wa kinga ya mwili pale hospitalini tulimwita Koti, kwa sababu hata chooni alikwenda na koti lake jeupe. Debe tupu haliachi kuvuma. Mimi ni mpiga picha za hadubini tu, lakini siku aliyomwambia dada yangu, tena koridoni, kwamba binti yake kazaliwa na seli mbovu na bila kupandikizwa uboho wa mifupa hatafikia umri wa shule, niliomba nizione hizo seli.

Akanionyesha kwa mbwembwe. Seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zina kiunzi cha nyuzi ndani yake. Seli ikinasa kijidudu, nyuzi hizo ndizo zinazosaidia kukivuta ndani kikakatwekatwe. Kwenye picha za Koti, seli za mtu mwenye afya zilijaa nyuzi. Za mtoto wetu hazikuwa nazo.

Nikamuuliza huyo mwenye afya ni nani. Akasema ni yeye mwenyewe, alijitoa damu papo hapo kabla ya kupiga picha. Na ya mtoto? Ilikaa kwenye barafu tangu asubuhi, isiharibike.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba nyuzi hizo huyeyuka kwenye baridi. Bingwa mwenye vyeti ukuta mzima hakujua, au alijitia hamnazo, maana makala yake kuhusu seli hizo alishaanza kuiandika. Nilimdharau kabisa. Nikachukua seli zilizobaki, nikaziweka kwenye joto la mwili nusu saa, nikapiga picha upya. Nyuzi zilikuwa zimesimama zote, nzuri kuliko zake.

"Futa hizo," akaniambia. "Utamchanganya mama wa watu."

"Huyo mama wa watu ni dada yangu," nikamjibu, nikazichapisha mbele yake nikatoka.

Dada alikuwa wodini, kampakata mtoto anayehema kwa shida, nimonia ya tano mwaka huo. Nikamweleza yote, na Koti nikamsema mpaka nikaishiwa maneno: kiunzi ni kizima, habari ya uboho aisahau, yule ni mpumbavu aliyevaa koti. Dada hakucheka. Aliziangalia picha, akanirudishia.

"Sawa, mdogo wangu. Sasa mwanangu anaumwa nini?"

Hilo sikuwa nimejiuliza. Tangu asubuhi nilikuwa nikimfikiria Koti tu.