Mikono Iliyotulia

Salme alikuwa amechoka na Ramadhani hii, na siku kumi na moja zilikuwa bado. Alichoka kumchunga mumewe Mahmud kama maziwa jikoni. Mahmud ana kisukari, na kliniki walishamwambia asifunge. Lakini fundi cherehani huyu wa mtaa wa Umoja hajala mchana wa Ramadhani tangu abaleghe, na kwa ubishi hana mwenzake. Mwishowe wakapatana: mikono ikianza kutetemeka, anafungua papo hapo. Miaka minne mapatano hayo yalimwokoa. Sukari ikishuka, moyo ulimwenda mbio, sindano ikamcheza vidoleni, naye Salme akamletea chai yenye sukari tele.

Kabla ya mfungo huu Mahmud alipewa dawa mpya ya presha na mapigo ya moyo, propranolol. Nesi Muthoki aliwaeleza vizuri, hilo Salme hawezi kukataa.

“Mwili ukishtuka unatoa adrenalini,” alisema Muthoki. “Inaenda kubisha kwa moyo, kwa mikono. Hii dawa inakaa hapo mlangoni, inaizuia. Moyo unapiga polepole, presha inashuka, hata kutetemeka kunaisha.”

Akaendelea na mambo ya sukari, lakini Salme alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Aliitikia tu huku kope zikimwangukia.

Leo baada ya alasiri mvua ilikuwa ikinyesha na chumba kilikuwa baridi. Mahmud alikuwa akishona kanzu ya Idi ya mteja. Salme akaona kofia yake imelowa, jasho linamtiririka hadi shingoni. Akaitazama kanzu. Mahmud alikuwa ameshona tundu la shingo, amelifunga kabisa.

“Baba Hanif, kunywa kitu.”

“Si tulipatana?” Maneno yalimtoka mazito. Akanyoosha mikono. “Tazama. Imetulia kabisa. Nusu saa tu imebaki.”

Ilikuwa imetulia kweli. Salme akasita. Nusu saa si kitu, na yeye hakutaka kuwa mke aliyemfungulisha mumewe kwa nguvu. Akaitazama tena ile mikono, na ndipo maneno ya Muthoki yakamrudia: “Sukari ikishuka, hii dawa inaficha dalili, mama. Mikono haitetemeki, moyo haukimbii. Jasho ndilo haiwezi kulizuia. Ukiona jasho, usingoje mikono.”

Siku zote hizi alikuwa akichunga mikono!

Akakoroga maji na sukari, akamshika kisogo, akamwekea bilauri mdomoni. Mahmud alibisha, kisha akanywa, mengine yakimwagikia kanzu. Salme akakaa chini kando yake, asimwondolee macho. Baada ya robo saa macho ya mumewe yakawa yake tena.

“Nani kaishona hivi?” Mahmud aliuliza, akiinua kanzu.

“Wewe.”

Akapapasa mshono. Ulikuwa umenyooka, mzuri. Machozi yakamtoka.

Adhana ya magharibi ikaita. Tende zilikuwa jikoni, hatua nane tu, na Salme hakuweza kuinuka. Akafungua kwa maji ya sukari yaliyobaki kwenye bilauri.

Mahmud akaiweka mikono yake chini ya kanzu, asiione.

“Mama Hanif,” alisema kwa sauti ndogo, “kesho mchana utanipikia nini?”