Paundi Kumi na Mbili za Mbele

Tuelewane mapema: Spana hakumchukia mdogo wake wa kike. Alimpenda, alimbeba mgongoni akiwa mchanga, na ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Lakini kila Jumamosi asubuhi, mdogo mtu alipotokea kwenye gereji ya baba yao na kucha zake safi, akachukua ufunguo ukutani na kuuliza gari limeamkaje, Spana alishikwa na wivu. Wivu huo haukushuka hata kwa chai.

Gari lenyewe alilijenga yeye kwa miezi kumi na minne. Lilikuwa dogo, la ule mtindo wa mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, ambalo ukiliona barabarani utadhani linawahi kuchukua watoto shule. Chini ya boneti Spana alikuwa ametia injini yenye tabo, ile pampu inayoisukumia hewa zaidi, akabadilisha springi zote nne, akafunga difu inayogawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili ya mbele. Hakuna nati iliyokazwa na mkono mwingine.

Gari la namna hiyo lina ugomvi wake. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, hayo hayo ndiyo yanayokata kona, na hayo hayo hubeba sehemu kubwa ya breki. Ya nyuma yanasindikiza tu, kama wageni waliokuja kula. Ukiyadai ya mbele kila kitu kwa wakati mmoja, mshiko unakwisha: unakata usukani, gari halikusikii, linakwenda zake nje ya kona. Spana aliyajua hayo kichwani kuliko mtu yeyote pale mtaani. Mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, aliyajua kwa makalio, akiyahisi kupitia kiti.

Hapo ndipo roho ilipomuuma Spana. Kitinda alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa. Siku tano za wiki alihesabu vidonge na kuwashauri watu juu ya kikohozi, na ungemuuliza difu ni nini angekuonyesha chochote cha chuma. Lakini ukimpa usukani, anaachia pedali ya mafuta kidogo tu kabla ya kona, pua ya gari inalalia lami, mkia unajisogeza wenyewe, na gari linageuka kama limeambiwa. Alimshinda dada yake kwa sekunde nzima. Sekunde nzima, jamani, katika mzunguko usiofika dakika moja.

Wateja nao hawakusaidia. Walikuja gereji kuuliza yule mdogo wako anaendeshaje vile, utafikiri gari lilishuka kutoka mbinguni. Siku moja hata Baba, ambaye sifa kwake hutoka kwa kijiko cha dawa, alimwambia mteja kwamba yule mtoto wake wa mwisho ana mkono wa usukani. Spana alikuwa chini ya gari, oili inamdondokea kwenye paji la uso, akatega sikio asikie kitakachosemwa juu ya mtoto wa kwanza. Baba akamuuliza mteja kama angependa kubadilisha matairi.

Sasa, mara moja kwa mwaka kulikuwa na mashindano ya magereji, na kila gereji ilipeleka gari moja na dereva mmoja. Miaka mitatu mfululizo dereva alikuwa Spana. Mwaka huu Baba akasema wasichana watashindana wenyewe kwanza, kila mmoja mzunguko mmoja, katika uwanja wa kiwanda cha mbao kilichofungwa. Mjomba wao atashika saa. Mwenye muda mfupi ndiye atakayeendesha, na asiyeridhika akalalamike kwa ukuta. Spana aliitikia vizuri, kisha wiki nzima akawa anakaza nati zilizokwisha kukazwa.

Jumamosi hiyo alianza yeye. Magurudumu ya mbele yalikuwa na upepo wa paundi thelathini na mbili, kama alivyopenda, na aliendesha kuliko alivyowahi kuendesha maishani mwake. Sekunde arobaini na nane na nukta sita. Mjomba akapiga mluzi.

Kati ya dereva na dereva kuna kazi ndogo. Tairi likikimbizwa hupata joto, upepo ndani yake unavimba, kwa hiyo lazima upimwe na kupunguzwa urudi palepale. Kazi hiyo ilikuwa ya Spana, na hakuna aliyemsimamia, kama vile hakuna anayemsimamia mama akitia chumvi. Baba alikuwa akijimiminia chai kutoka kwenye chupa. Kitinda alikuwa amevaa helmeti kinyumenyume ili Mjomba acheke, na Mjomba alikuwa anacheka.

Spana akachuchumaa. Badala ya kupunguza, akaunganisha pampu, akajaza ya mbele yote mawili hadi arobaini na nne. Paundi kumi na mbili. Tairi likishiba kupita kiasi huota tumbo, linagusa lami kwa katikati tu, na mshiko unapungua. Alijiambia hakuna hatari, ni uwanja mtupu wenye koni za plastiki. Mwenye kijicho hakosi sababu.

Kitinda akaondoka. Kona ya kwanza matairi ya mbele yalilia mapema, gari likaenda nje ya kona, koni moja ikalala. Kona ya pili Spana aliona mikono ya mdogo wake imetulia. Aliachia mafuta mapema zaidi, akangoja, akakata usukani kidogo kuliko kawaida yake, na akaendelea hivyo mpaka mwisho. Mjomba akasoma arobaini na tisa na nukta moja. Nusu sekunde nyuma.

"Leo sikuwa mimi," Kitinda alisema akishuka. "Dada kanishinda kihalali."

Neno hilo la kihalali lilimchoma Spana, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko kidonda, akatabasamu na kupokea pongezi za Mjomba kwa mikono miwili. Hakumwona Baba akiweka kikombe chini. Alipogeuka, mzee alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando ya gurudumu la mbele.

Baba aliuza matairi miaka thelathini, na kuna tabia moja ambayo haikumtoka. Gari likisimama, huweka kiganja juu ya tairi: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. Tairi lenye upepo wa haki lina joto lile lile kote. Lililozidishwa huunguza katikati huku kingo zimepoa. Spana aliijua tabia hiyo kabla hajajua kusoma, maana Baba ndiye aliyekuwa akimshika kiganja chake kidogo na kukiweka hapo. Siku hiyo akili yote ilikuwa kwenye saa ya Mjomba, akasahau. Unaweza kumwibia Baba chochote na akachelewa kujua, lakini si tairi.

Kiganja kilifika katikati, kikaondoka haraka. Baba akajaribu tena, akaenda gurudumu la pili, kisha akajifuta mkono kwenye suruali.

"Wewe mkubwa," akasema, "rudi ndani. Zunguka tena. Na hakuna mtu kuligusa gari."

Hapo angeweza kusema. Mdomo ulikuwa wake na ukweli ulikuwa humo humo mdomoni. Badala yake kiburi kikamshauri: yeye ndiye aliyelijenga gari, yeye ndiye anayejua upepo ni kiasi gani, Kitinda aliendesha bila kujua akapata arobaini na tisa, basi anayejua atashindwaje? Akafunga mkanda.

Kona ya kwanza matairi yakalia. Mara mia amewaambia wateja kwamba gari likikataa kugeuka usiongeze usukani, punguza mafuta ungoje. Mikono yake ikaongeza usukani. Mguu ukakanyaga. Gari likaenda lilikotaka, koni mbili zikaenda nalo. Kona ya pili ikawa vile vile, na ya tatu alikuwa akipigana nalo kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka. Mjomba aliisoma saa mara mbili, akidhani imemdanganya. Hamsini na moja na nukta tatu.

Hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Kwa matairi yale yale mabovu, Kitinda alikuwa amemshinda kwa sekunde mbili na zaidi.

Kitinda alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimgusa bega, akamwambia kuna kitu huko mbele, hata yeye alikihisi akadhani ni uzembe wake, labda ni springi. Tayari alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, na suruali yake nzuri, anamtafutia dada yake ugonjwa wa gari.

"Si springi," Spana alisema. "Nilijaza upepo. Paundi kumi na mbili, mbele. Kabla hujaingia wewe."

Mjomba akatazama viatu vyake. Baba akaenda kuziokota koni, yeye na magoti yake mabovu, na hakugeuka. Kitinda aliinuka polepole. Hakulia wala hakutukana, na Spana angelipia matusi hayo kama yangeuzwa.

"Ungenipa upepo wa haki," Kitinda akauliza, kwa sauti ya mteja anayemuuliza fundi, "ningepata ngapi?"

Uwanjani pale ni mtu mmoja tu aliyeweza kujibu. Angeweza kusema arobaini na nane na nukta sita, wangelingana, na nani angembishia? Upepo ule ulimla yeye mwenyewe sekunde mbili na nukta saba; alipiga hesabu, akaipiga tena akiomba ibadilike.

"Arobaini na sita," akasema. "Na nukta nne. Ungenishinda kwa sekunde mbili."

"Basi toa upepo. Nataka kuipata hiyo arobaini na sita."

Kitinda akavaa helmeti, safari hii sawasawa. Spana akachuchumaa mbele ya gurudumu, wivu ukimuunguza vile vile kama asubuhi, haujapungua hata chembe, akautoa upepo kidogo kidogo na kupima kila mara, mpaka ukafika thelathini na mbili kamili.