Salamu za Ildefonsi

Mume wangu Ildefonsi ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kumpita mtu bila kumsalimu. Na si salamu za "mambo, poa". Ni zile zetu Waha, za kuinama kidogo na kupiga makofi polepole, unauliza nyumba, watoto, mbuzi, mihogo na mvua, mpaka anayeulizwa akumbuke hata aliyokwisha kuyasahau.

Yeye ni fundi mwashi, anajenga Kibondo. Huja nyumbani Heru Juu mara mbili kwa mwezi, Ijumaa jioni, na Jumapili alfajiri huyo anaondoka. Kwa hiyo Jumamosi ni yangu. Jumamosi hiyo nilitaka kitu kimoja tu: tushuke mtoni, tukae kivulini, tule wawili bila mtu wa tatu. Nilisonga ugali wa muhogo, nikaunga samaki wa migebuka kwa mawese, nikafunga sufuria kwa kitenge na kumpa abebe.

"Baba Nduwayezu, tukienda haraka tutakula chakula kingali moto."

"Haraka kabisa," akajibu.

Mtoni ni mwendo wa nusu saa. Tulitoka saa nne. Saa tano tulikuwa tungali mbele ya shamba la mzee Manirambona, sufuria iko chini kwenye vumbi maana makofi yanataka mikono miwili, na mzee ndiyo kwanza amefika kwa mbuzi wake wa tatu. Baada yake akaja Nadine na mkungu wake wa ndizi. Baada ya Nadine akapita Dadi, mwenye duka mjini Kasulu, mtu wa asili ya pwani ambaye "salama" ikishatoka mdomoni safari inaendelea. Ildefonsi alimsimamisha. Maskini Dadi alizima pikipiki akaulizwa habari za mabati ya duka lake, bati kwa bati.

Nikashindwa kuvumilia.

"Ildefonsi!" Nikimwita kwa jina, ajue moto umewaka. "Umekuja kwangu au umekuja kuwaona watu wa Heru Juu?"

Alibeba sufuria, akainamisha kichwa na kuchapa mwendo. Nilifurahi, lakini furaha yenyewe haikufika mbali. Kwenye kona tulikutana na bibi Immakulata, mzigo wa kuni kichwani, na mume wangu akampita kimya! Kwetu kumpita mtu kimya ni kumtangazia ugomvi. Bibi wa watu alisimama pale, mdomo wazi, mikono keshaiweka tayari kwa makofi.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilirudi mbio, nikapiga goti, nikamsalimu mimi. Nikauliza nyumba, magoti yake, kuku, maharage, wajukuu wote hadi yule aliyeko Kitahana. Nilipoinuka, Ildefonsi alikuwa ameketi juu ya jiwe, sufuria mapajani, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Mama Nduwayezu, chakula kinapoa," alisema.

Nilitaka kununa, nikashindwa. Tulicheka hadi mtoni.

Pale kivulini nilitandika kitenge. Yeye badala ya kukaa, alirudi nyuma hatua kumi, akageuka, akaja tena taratibu kama mgeni anayetoka mbali. Akainama. Akaanza kupiga makofi.

"Mwakeye, Vestina," akanisalimu kwa Kiha.

Nikaitikia huku nacheka. Akauliza nyumba, nikasema nzuri. Mihogo? Mizuri. Mbuzi? Wazima. Akauliza paa la jikoni lililovuja mwezi wa pili, akauliza mgongo wangu, jambo nililomtajia mara moja tu kwenye simu. Nikasema nzuri, nzuri, kama tunavyojibu sote.

"Na usiku, unalala?"

Hapo "nzuri" ilinikwama. "Silali vizuri," nilisema. "Kitanda ni kikubwa mno ukiwa Kibondo."

Makofi yakakoma. Akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili kwa viganja vyake vigumu vya saruji. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya harusi.

Huko juu njiani kengele ya baiskeli ikalia. Nikaiona shingo ya mume wangu ikianza kugeuka, ikafika nusu, ikarudi kwangu. Basi nikampungia mimi huyo mwenye baiskeli kwa niaba yetu sote wawili, kisha nikafunua sufuria. Ugali ulikuwa wa baridi kabisa, na tuliumaliza.